Bwana Harusi Bila Pondo

Chombo hakipewi jina na aliyekinunua. Aliyekinunua ataandika lake ubavuni kwa rangi nzuri, atapiga picha, ataenda zake. Kesho yake watu wa mtoni watakipa lile litakalodumu. Nawaambia nyinyi mnaoshika boti za leo pale Garissa, wenye jaketi za rangi ya machungwa na simu zilizofungwa kwenye nailoni, maana nasikia mnajisifu kwamba boti yenu mpya mmeipa jina wenyewe, tena la mchezaji mpira wa Ulaya. Subirini ifanye kazi mwaka mmoja kwanza.

Mimi nilivusha watu Tana miaka ishirini na kidogo, na nilianza nikiwa sijui kuogelea. Msicheke. Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya tisini ulimaliza ng'ombe wa nyumba yetu, wakabaki ngamia wachache wa ami zangu na mbuzi wa mama. Wenzangu walikwenda Nairobi kulinda milango ya watu. Mimi nilishuka mtoni kwa sababu nilikuwa na njaa, na pale mtoni palikuwa na mzee aliyehitaji mtu mwenye mabega.

Mzee huyo aliitwa Jillo. Alikuwa Mmalakote, mtu wa kingo za mto tangu babu zake, mfupi, mwenye mdomo mkali kuliko panga lake. Alikuwa na mtumbwi wa gogo moja, nyufa zake zimezibwa kwa lami na vipande vya debe, na kazi yake ilikuwa kuvusha ndizi na matikiti kutoka mashambani hadi upande wa soko. Mtumbwi ule tuliuita Ayeeyo, yaani nyanya kwa Kisomali. Waliompa jina hilo ni wateja wetu wa Kisomali, kwa kuwa ulikuwa unavuja kidogo kila wakati, unalalamika ukikanyagwa, na hata hivyo hakuna kitu kilichokwenda bila yeye kutangulia.

Hilo la kutangulia halikuwa mzaha, ilikuwa sheria. Asubuhi hakuna chombo kilichoondoka kabla ya Ayeeyo kwenda ng'ambo na kurudi. Tana hulala hapa leo, kesho imehamisha mchanga wake. Mzee Jillo alisimama nyuma na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, akachoma chini hatua kwa hatua, na akirudi alituambia: pale pana mchanga mpya, pale pana gogo, pale pita. Pondo ndilo lililokuwa macho yetu.

Mimi aliniita Mtu wa Ngamia. Siku ya kwanza nilisimama wima katikati ya mtumbwi nikaweka mkono juu ya macho, kama tunavyosimama nyikani kutafuta mnyama aliyepotea, na matikiti yote yakaenda majini pamoja nami. Aliponitoa kwa kunishika ukosi, hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Umemwona huyo ngamia?"

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na hili lisikilizeni, kwa sababu mtoto wa mfugaji yeyote anaweza kulifanya. Jioni moja aliniachia nimfunge Ayeeyo. Nikamfunga kama ninavyojua kufunga mnyama: kamba fupi, fundo kali, kwenye mti imara, asitangetange. Usiku mvua ikanyesha huko juu milimani, mto ukapanda. Mnyama maji yakipanda husimama. Mtumbwi uliofungwa kamba fupi hauwezi kupanda na maji, unavutwa pua chini unazama. Asubuhi tulikuta kamba imekaza inaingia majini na mtumbwi hauonekani. Ilituchukua siku nzima kumwinua.

"Kitu cha nchi kavu kifunge kwa kamba fupi," Mzee Jillo alisema tukiwa tumelowa hadi kofia. "Cha majini kiachie kamba. Rudia."

Nikarudia. Nikarudia mbele ya wauza ndizi wote, huku wanacheka. Hadi leo nikiona boti imefungwa kwa kamba fupi, nashuka nikailegeze.

Majina mengine yalikuja na vyombo vipya. Kulikuwa na boti ya bati jepesi jeupe, tuliiita Sufuria. Kaa ndani yake adhuhuri ya mwezi wa pili utajua kwa nini. Abiria walishuka wameiva upande mmoja. Ikaja ile ya mpira wa kujazwa upepo, wazee wakaiangalia wakasema hiki ni kiriba, kama vile viriba vya ngozi vya kubebea maji. Niliwahi kufika Mandera kumwona ndugu, nikakuta watu wanavuka mto Daua kwa mapipa sita yaliyofungwa pamoja, na jina lake ni Mapacha Saba. Nikahesabu, nikawaambia mapipa ni sita. Wakaniambia wa saba ni abiria, kwa sababu akifika ng'ambo naye ameshajaa maji.

Halafu akaja Bwana Harusi.

Ilikuwa ni mwaka ule wa mvua za El Nino. Nyinyi mmezisikia kwa wazazi wenu, sisi tulizila na kuzilalia. Mto ulitoka kitandani mwake ukaingia mashambani, ukameza barabara pande zote mbili za daraja, mji ukawa kisiwa. Unga ukapanda bei, malori yakasimama Madogo, ng'ambo ya mto, yakiangalia maji. Katika shida ile mfanyabiashara mmoja wa mjini akaleta boti ya plastiki ngumu, nyeupe kama yai, na injini nyuma. Alitafuta mtu anayejua mto na ambaye bado ana nguvu. Akanichukua mimi.

Jina lilitoka siku hiyohiyo. Ilikuwa inang'aa, inanukia petroli kama mtu aliyejimwagia manukato, ikipita lazima kila mtu asimame aangalie, na kazi yenyewe ilikuwa haijaijua. Kwani bwana harusi yukoje?

Nami nikalewa. Sioni haya kulisema, ndiyo faida ya uzee. Asubuhi ya pili niliwasha injini kabla Ayeeyo hajarudi kutoka ng'ambo. Mzee Jillo alikuwa katikati ya maji na pondo lake, mawimbi yangu yakamyumbisha, akalazimika kuchuchumaa. Asubuhi ya tatu nilichukua pondo lililokuwa ndani ya boti, nikalitupa ukingoni, maana lilikuwa linakwaruza rangi.

"Chukua mti wako," aliniambia.

"Mzee, bwana harusi hatembei na mkongojo."

Watu walicheka, na safari hii walicheka upande wangu. Yeye aliliokota, akalifuta matope, akaliweka ndani ya Ayeeyo pamoja na lake. "Injini ni mgeni," akasema. "Mgeni siku akiondoka, mwenyeji ni nani?" Nilivuta kamba ya injini ili nisimsikie.

Sasa niwaambie kuhusu mama yangu, kwa sababu hadithi hii ni yake.

Mama alikuwa mtu wa upande wa Diff, kwenye visima, mtoto wa watu waliovuta maji kwa kamba maisha yao yote. Kwake, mtu ni mifugo yake. Nilipoingia mtoni hakunilaani, lakini akiulizwa na wanawake wenzake, "Mwanao Dahir yuko wapi siku hizi?" alijibu, "Yuko safarini." Miaka mitano nilikuwa safarini, na wakati huo huo niko Garissa, mwendo wa siku moja kutoka kwake. Nilimpelekea sukari na majani ya chai, akapokea, akanibariki, na hakuwahi kuniuliza kazi. Hilo liliniuma kuliko matusi.

Wakati wa mvua zile alikuwa na nyumba yake chini ya mji, upande wa kwenda Bura, na akina mama wengine, watoto na mbuzi. Wanaume walikuwa wameondoka na ngamia kutafuta nchi ya juu, kwa sababu ngamia akikaa kwenye matope hufa. Wanawake walibaki wafuate baadaye. Maji hayajawahi kufika hapa, mama alisema. Yakafika. Mtu mmoja aliyeogelea na kutembea siku mbili alikuja kunitafuta mtoni, miguu yake imechanwa na miiba. Akaniambia wako juu ya mwinuko, watu kumi na mmoja, maji pande zote, na mwinuko wenyewe unapungua.

Sikumbuki kama niliaga. Nilimchukua Gedi, aliyekuwa fundi wetu wa injini, mtu wa rika langu, zamani turniboi, yaani utingo, wa malori, ambaye p kwake ilikuwa b. Tukajaza mafuta tukateremka na mto. Bwana Harusi alikimbia siku ile. Yale maji yalikuwa yamefunika nyika nzima, na sisi tulikuwa tunapita juu ya miti ya miiba, unaona vilele tu kama vichwa vya watu wanaooga. Siku chache kabla, ile boti ya mpira, Kiriba, ilikuwa imetobolewa na vilele hivyo hivyo ikarudi mjini imekunjwa begani mwa mtu. Nilipita nikajisemea, plastiki ngumu haina wasiwasi. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Tukawaona kabla ya adhuhuri. Mwinuko ulikuwa umebaki kama uwanja wa nyumba mbili. Mbuzi wamesongamana, watoto wamekaa juu ya mizigo, na mama amesimama mbele, kitambaa chake cheusi kimelowa hadi magotini. Alikuwa amekwishaivunja nyumba yake, mikeka imekunjwa, miti imefungwa. Mwanamke wetu huokoa nyumba kwanza, maana nyumba ni yake, aliijenga kwa mikono yake.

Chombo kinatia nanga kikitazama juu mto unakotoka. Hilo nililijua. Basi nikawapita, nikateremka kidogo ili nigeuke niwaendee kinyume cha maji, na nakiri niligeuka kwa mbwembwe ili mama aone. Injini ikapiga kelele moja ya ajabu ikanyamaza.

"Wallahi imekula mkeka!" Gedi alipiga kelele akichungulia nyuma. Kulikuwa na nyumba ya jirani chini ya maji, iliyoachwa, na mikeka yake na kamba zake zote zilikuwa zimejisokota kwenye propela. Pini inayoishikilia propela imekatika. "Sukuma! Sukuma na bondo! Bondo iko wabi?"

Pondo lilikuwa Garissa, ndani ya Ayeeyo.

Maji yakatuchukua. Tulishika matawi kwa mikono mitupu, miiba ikaingia hadi mfupani, na boti ikaenda kukwama kwenye vilele vya miti hatua mia hivi chini ya mwinuko. Mkondo uliokuwa katikati yetu ulikuwa na kina cha mtu na kasi ya farasi. Sijui kuogelea maji ya namna ile, na Gedi hajui kuogelea yoyote. Nilikaa pale namwangalia mama yangu, naye ananiangalia. Nilimwona anahesabu watoto. Nilitaka kulia, na nililia, Gedi ni shahidi.

Kisha nikamwona ameinama kwenye mizigo. Akatoa kamba ya kisima.

Kama hamjawahi kuiona, ni kamba ndefu, nene, ya kuteremshia ndoo chini ardhini kwa wavutaji wanne au watano. Miaka mingapi mama hakuwa na kisima karibu, sijui. Lakini kamba alikuwa nayo. Akaiunga na kamba za kufungia mizigo ya ngamia, fundo juu ya fundo, na mwishoni akafunga mitungi miwili mitupu ya plastiki. Akaingia majini hadi kiunoni, akaiachia mitungi. Akaacha maji yafanye kazi. Mara ya kwanza ilipita mbali nasi, wakairudisha. Mara ya pili ilinasa kwenye mti, wakairudisha. Nilimpigia kelele aache, mwinuko unaliwa, apandishe watoto mabegani mwa watu. Akanijibu kwa Kisomali, akiniita hooyo kama mama wa kwetu amwitavyo mwanawe, na sauti yake ilivuka maji yale yote: "Nyamaza, hooyo! Ndoo haizungumzi na mvutaji!"

Mara ya tano Gedi aliukamata mtungi kwa meno na mikono.

"Funga mbele," nikamwambia, "na uachie kamba." Nilisema kwa sauti ya Mzee Jillo, ikanishangaza mwenyewe. Tungefunga fupi na kali, mkondo ungeinamisha pua tukazama. Tukafunga palegevu, tukatumia mikono kujitoa kwenye matawi, nikapunga.

Pale juu wakajipanga. Mama mbele, wanawake wanne nyuma yake, wasichana wawili nyuma yao. Na mama akaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wa kisimani, ule wa kuvutia maji, nilikuwa sijausikia tangu nilipokuwa mdogo nikibebwa. Sauti moja inaita, nyingine zinaitikia, na kwenye kuitikia ndipo mikono inapovuta. Boti yenye injini, nyeupe kama yai, ikapanda kinyume cha mto wa Tana kwa mikono ya wanawake saba. Kila mwitikio, urefu wa mkono mmoja. Walisimama kupumua mara tatu, na kila mara mama alijifunga kamba kiunoni ili isirudi nyuma. Sikuwahi kuona watu waliokataa kushindwa namna ile. Boti ilipogusa matope, viganja vyao havikuwa na ngozi.

Nilishuka nikamshika miguu. Akanisukuma. "Baadaye. Hiki kitu kinakwendaje sasa?"

Nikamwambia hakiendi, injini imekufa, nahitaji mti wa kusukumia na sina. Sikumwambia kwa nini sina. Gedi, Mungu amsamehe, ndiye aliyemwambia, na maneno ya mkongojo yote.

Mama akafungua mzigo wa miti ya nyumba. Miti ya nyumba yetu imepindwa kama mbavu, haifai, isipokuwa mmoja, ule wa katikati unaosimamisha paa. Tunauita udub. Alipewa na mama yake siku alipoolewa. Mwanamke hatoi mti ule. Huhama nao, na akifa binti yake anauchukua.

"Nyumba haitasimama leo," akasema. "Basi usimamishe hiki chako."

Kwa pondo ulikuwa mfupi, ilibidi nipige magoti. Nilichoma chini, nikasikia ardhi, nikasukuma. Hatukwenda na mkondo, tulikata kupitia maji yaliyolala kati ya vichaka, nikipima kila hatua kama Mzee Jillo, hadi nchi kavu upande wa mashariki. Watoto safari ya kwanza. Wanawake na mbuzi safari ya pili. Mama aligoma kuondoka kabla ya mbuzi wa mwisho, na nilipomrudia safari ya tatu alikuwa amesimama na mbuzi wawili mahali palipobaki upana wa mkeka mmoja. Watu kumi na mmoja wote walifika. Mbuzi walipotea wanne, na alikumbuka majina yao hadi mwisho.

Gedi alikata mikeka kwa kisu, akaweka msumari badala ya pini, na siku ya pili tukarudi Garissa polepole, tukitoa moshi. Nilimtafuta Mzee Jillo kabla sijala. Alikuwa anakumba maji kutoka kwa Ayeeyo. Nilimwambia yote, sikuficha. Aliangalia viganja vyangu, akaangalia ule mti.

"Chombo kinachovutwa kwa kamba ya kisima kinaitwaje kwenu?" akauliza.

"Ndoo," nikasema.

Basi, ikawa Ndoo. Mwenye boti alikasirika, akapaka rangi upya na kuandika jina kubwa la kifalme ubavuni, na asubuhi abiria wakaja wakauliza, "Ndoo inaondoka saa ngapi?" Kila asubuhi nilisubiri Ayeeyo arudi ndipo niwashe. Mzee Jillo alipofariki na Ayeeyo akaoza ukingoni, mimi ndiye niliyeshuka wa kwanza na kupima mchanga, kwa mti ule ule wa mama.

Kwa hiyo mkija kunionyesha boti yenu mpya, msinionyeshe injini. Nionyesheni pondo, na mnionyeshe mmefunga kamba urefu gani. Jina litakuja lenyewe, nanyi msilikatae likiwa la aibu. La aibu ndilo linalokumbusha.

Mvua zilipoisha mama alijenga nyumba mpya, pale pale upande wa Bura, ila juu zaidi. Nilimpelekea udub wake, nimeusafisha na kuupaka mafuta. Akakataa kuupokea, akakata mti mwingine porini. Siku ya kusimamisha nyumba wanawake walikuja kusaidia, kama desturi, na mmoja wao, mwenye macho, akaona mti wa katikati ni mbichi, bado una maganda. Akamuuliza mama ule wa mama yake uko wapi.

Nilikuwa nje, nimeshika kamba. Nilimsikia mama akijibu bila kugeuza kichwa.

"Uko mtoni, na mwanangu. Wako kazini."